Pakiti Iliyosimama Wima

Bisha. Nakupa ruhusa, bisha tangu sasa, maana tukifika katikati hutabisha tena, utakuwa unachungulia kabati lako la jikoni. Wenye vyeti vyao wamewahi kunibishia habari hii, wakaondoka navyo kwapani. Mimi Asajile niliiacha shule darasa la sita, au yenyewe iliniacha, lakini mtego nitakaokutegea leo hata mwalimu wako hawezi kuutegua.

Hapa Tukuyu kuna chumba juu ya duka la misumari, chenye watu watatu na kompyuta tatu. Hawajaajiriwa na mtu. Kazi ikija wanachora, isipokuja wanakunywa chai. Subilaga ni wa pakiti: mpe kitu chochote, unga, sabuni au majani ya chai, atakibunia nguo ya kukivalisha mpaka ukionee huruma kukifungua. Ambakisye ni wa nembo: anachukua maelezo marefu kama treni, anayageuza mchoro mmoja ambao hata bibi asiyejua a wala be anauelewa. Lugano ni wa kurasa: ndiye anayelipanga gazeti la wiki la mjini, picha ikae wapi, maneno yaanzie wapi, jicho lako liende anakotaka yeye na wewe udhani umejiendea mwenyewe.

Sasa sikiliza. Kama una mtoto mdogo, mpakate.

Siku hiyo mvua ilikuwa haijapumua tangu alfajiri. Mzee mmoja mwenye kiwanda kidogo akamletea Subilaga pakiti ya unga wa lishe, uji wa watoto, aione kazi yake ikiwa imejazwa. Subilaga akaiweka mezani. Akaitazama. Kikombe cha chai kikamkwama njiani.

"Mbona imesimama?"

"Ulitaka ilale?" Ambakisye akamtania.

"Sitanii, Ambakisye. Unga wa lishe hukaa kitako kama mama mkwe, tumbo mbele. Pakiti hii niliikata nikijua hivyo. Hii imesimama wima kama askari. Humu hamna unga."

Akaipasua kwa mkasi. Ikatoka harufu ya kukwaruza koo. Dawa ya dumuzi, ile sumu ya kuchanganya na mahindi ghalani ili wadudu wafe. Mzee yule hufungasha vyote viwili, katikati ni ukuta tu. Subilaga akapiga simu, mzee akapokea: "Binti yangu, katoni moja imejazwa vibaya. Iko sokoni tangu asubuhi."

Akashuka ngazi mbiombio mpaka sokoni, akakusanya, akahesabu, akahesabu tena. Imepungua moja. Muuzaji akakumbuka mama mwenye kitenge cha kijani na mwavuli. Mvua ya Tukuyu, nani hana mwavuli?

Gari la matangazo likazunguka na kipaza sauti, likapoteza mafuta yake bure. Mvua ikipiga bati hapa, husikii hata unachowaza.

Ndipo Ambakisye akavuta kiti. "Fuvu siweki," akasema. "Fuvu liko kwenye nguzo za umeme na watu wanaanika nguo hapo hapo." Akachora mtoto amefumbua kinywa, na kijiko kinakwenda kinywani, na kichwa cha kijiko ni kichwa cha nyoka, naye amefumbua kinywa. Hamna neno hata moja. Alipomaliza akaugeuza mchoro kifudifudi, hakutaka uendelee kumtazama.

"Tukabandike ukutani!" akasema.

"Nani anasoma ukuta kwenye mvua?" Lugano akamjibu. "Na gazeti hapa mtu hasomi kwanza. Anafungiwa kitumbua kwanza." Akaupanga ukurasa: pakiti kwa ukubwa wake halisi, nyoka kando yake, akairudia picha hiyo juu, chini, kushoto, kulia, ili karatasi ikunjwe itakavyokunjwa, lazima nyoka mmoja akutazame. Akachapisha mabunda, akazunguka mji mzima kwa wauza vitumbua. "Shangazi, leo fungia hizi. Usiniulize, fungia tu."

Sasa naingia mimi, mwamba mwenyewe.

Dada yangu Tupokigwe alirudi sokoni amelowa, akaweka pakiti mezani. "Asajile, mpikie mwanangu uji, nakwenda kumwona jirani mgonjwa." Mwanawe ni Gwamaka, ameanza kutambaa juzi juzi. Nikapika. Mafua yalikuwa yamenizibia pua, sikunusa kitu. Ila uji ulikuwa hautaki kuwa mzito. Nakoroga, nakoroga, mwepesi kama maji ya kuoshea. Nikalaumu kuni. Nikaweka bakuli kwenye kigoda lipoe. Gwamaka yuko mkekani, anagonga sakafu kwa kijiko, ko, ko, ko.

Nikatoka hadi mlangoni, kwa mama Tumwitike anayeuza vitumbua hapo, akanifungia vitumbua viwili. Nikafungua karatasi.

Sikia, mimi kusoma ni kama kuvuka mto kwa kupapasa mawe. Lakini yule nyoka hakungoja nipapase. Kando yake, pakiti. Nikageuza shingo: pakiti ile ile iko mezani kwetu, wima kama askari.

Na ile ko, ko, ko imenyamaza.

Gwamaka alikuwa amejivuta mpaka kwenye kigoda, amechota, kijiko kiko hewani, kinywa wazi kama kwenye mchoro. Sijui nilifikaje. Najua bakuli liligonga ukuta, kijiko kikaruka dirishani, na mtoto akalia. Kilio kitamu kama kile sijakisikia tena.

Dada ana mimba. Akawaita wale watatu, akasema: "Huyu wa tumboni atachukua jina la aliyemwokoa kaka yake. Jina moja tu. Sitaki mwanangu aitwe kama orodha ya wageni."

Subilaga akasema, "Bila jicho langu, wote mngekuwa mnakunywa chai." Ambakisye akasema, "Jicho lako lilimjulisha nani? Asajile alistushwa na nyoka wangu." Lugano akacheka: "Na nyoka wako angefika mlangoni kwa miguu gani?"

Haya, mjuaji, hukumu iko mikononi mwako. Mtoto aitwe nani?

Ngoja, usijibu bado. Kuna kipande nimekiruka.

Dada anataka kuongeza jina la nne la kuchagua, langu. Anaamini niliutilia shaka ule uji, ndiyo maana sikumlisha mtoto mara moja. Anawaambia hivyo majirani, na mimi nanyamaza. Kweli ni kwamba uji wenyewe niliumimina kwenye kikombe changu kikubwa. Nilimwacha mtoto nikafuate vitumbua vya kuunywea. Kwenye bakuli la Gwamaka nilibakiza kidogo, nikaongeza maji. Ndivyo nilivyokuwa nafanya kila siku. Kliniki wanamgombeza dada mbona mtoto haongezeki, naye anazidi kununua unga wa bei kubwa, na anayenenepa ni mimi. Ningekuwa mjomba mwema, ningeketi kigodani nikamlisha hadi bakuli likauke, na karatasi ya Lugano ingetukuta tumeshamaliza.

Ungempa jina la nani, basi? Jibu kwa kunong'ona. Dada yuko chumba cha pili.