Bibi Nyamizi na Wapishi wa Tumboni

Paukwa!

Pakawa!

Wa kule nyuma mmeitika kama mmelala. Paukwa!

Pakawa!

Zamani, wanyama walipokuwa bado wanatembeleana, Kabula alikuwa anafagia. Kabula ni pimbi, anaishi majabalini na watoto wake watatu, Limi, Holo na Ngolo. Anafagia, fya, fya, fya. Mara jirani yake Mjusi akatokea juu ya jiwe, kichwa chekundu, ananesanesa.

"Mama Limi, weka ufagio. Tai amemkosakosa Holo. Ameondoka na manyoya ya mgongoni."

"Na bibi yake alikuwa wapi?"

"Pale pale kwenye jiwe la zamu. Alimtazama tai akishuka, akamwambia karibu."

Kabula akaketi chini. Bibi Nyamizi, mama mkwe wake, ndiye mlinzi wa majabali. Akiona tai hupiga mluzi, fiiiyu, na pimbi wote huingia pangoni. Kama Bibi hamjui tena tai, watoto wataisha.

Na kweli Bibi alikuwa amebadilika. Aliuliza chakula huku anatafuna. Alimwita Limi kwa jina la dada yake mwenyewe aliyekufa. Wote wakasema ni uzee, wakaendelea na shughuli zao.

Kabula akapanda jiwe la zamu, Mjusi nyuma yake. Akamkuta Bibi anakula biskuti. Tangu wageni wapige kambi kule chini, wajukuu walimletea biskuti na mkate mweupe kila siku. Bibi apumzike kutafuna majani makavu, walisema. Walimpenda, basi.

Tumbo la Bibi likanguruma, ng'rrr. Kabula akalitegea sikio.

"Nani humo?"

"Wapishi," vikajibu vidudu vidogo kuliko vumbi. "Tunapika majani, mvuke wa chungu chetu unapanda, kichwa kinachangamka. Siku hizi majani hayaji. Wenzetu wengi wamekufa. Wamejaa wahuni wa biskuti, wanachoma takataka humu, na moshi wote unaenda kichwani kwa mama."

"Nifanyeje?"

"Leta majani. Na tuletee wenzetu. Wako tumboni mwa Limi."

Hapo Kabula akaelewa, akacheka peke yake. Desturi ya pimbi ni hii, na msikunje pua: mtoto akianza kula majani, huokota kinyesi cha bibi yake akala. Ndivyo anavyopata wapishi wake. Sasa ilibidi safari igeuzwe.

"Mama," akasema kwa heshima, "nimekuletea hiki cha Limi. Ule."

"Mkwe wangu, umerogwa? Nile kinyesi cha mtoto?"

"Yeye alikula chako, Mama, na hakulalamika."

"Alikuwa hana meno."

"Na wewe umebakiwa na mangapi?"

Mjusi akacheka mpaka akateleza jiweni.

Bibi akala, amefumba macho. Biskuti zikakoma. Wajukuu wakanuna, Bibi akanuna kuwashinda. Majani asubuhi, majani jioni, tafu, tafu, tafu. Zamu akaishika Kabula mwenyewe, na nyumba ikajaa vumbi. Mvua zikaja, zikaisha, na bado Bibi hajapona.

Alasiri moja Kabula akasinzia kwa uchovu. Kivuli kikapita, vuuu. Fiiiyu! Alikuwa Bibi. Pimbi wote wakatumbukia pangoni, puu, puu, puu. Tai akaambulia upepo.

Jioni Kabula akapakua majani. Bibi akasimama mlangoni, akawatazama mmoja mmoja.

"Limi. Holo. Na wewe mdogo, jina lako limenitoka."

"Ngolo, Bibi."

"Ngolo. Haya, kaeni mle. Mko wote."

Kesho yake alimuuliza tena jina. Lakini tai, Bibi hakumsahau tena.

Funzo ni hili: msimlishe mzee vitu vitamu tu kwa kumhurumia. Tumbo likinyimwa chakula chake, kichwa nacho huumia. Mpe mboga za majani, ukae naye akitafuna.

Hadithi yangu imekomea hapa. Mchicha umeshapakuliwa, nanyi nawaona mko wote. Kaleni.