Mguu Usisahau Kisimani

"Maji yakifika nyumbani, mguu usisahau kisimani." Mmeisikia methali hii leo, wajukuu zangu, mkacheka, mkauliza ni kisima gani na mguu wa nani. Kaeni niwaeleze ilikotoka.

Zamani, katika kijiji kimoja cha milima ya Upare, waliishi majirani wawili, Naetwe na Nakunda. Waliolewa hapo mwaka mmoja, na kila alfajiri waliteremka pamoja kuteka maji kwenye kisima cha bondeni. Njia ilikuwa kali, lakini hakuna aliyetaka kuikosa. Huko ndiko habari zilikosikika: nani kajifungua, nani kaposwa, nani kakosana na wifi yake. Wanawake walipanda mlima ndoo kichwani, wakiimba, na pumzi ya kuimba walikuwa nayo.

Kisha bomba likaletwa. Kijiji kilipiga vigelegele. Naetwe akawekewa koki jikoni, akamshukuru Mungu, akaketi. Miaka ikapita akiwa ameketi. Mwili ukawa mzito, shamba akawaachia wake wa wanawe. Jumapili moja, akipanda kwenda kanisani, kifua kikambana hata akaketi chini njiani, asiweze kusema.

Hospitalini daktari alimwambia shinikizo la damu limepanda na moyo umechoka. Akampa dawa za kila siku, akamwambia apunguze chumvi, kisha akaongeza, "Na utembee, mama. Anza kidogo kidogo, uongeze kadiri unavyopata nguvu."

Dawa Naetwe alimeza. Kutembea ndiko kulikomshinda, kwa aibu zaidi kuliko uchovu. Mama mtu mzima atembee njiani hana jembe, hana mzigo, haendi sokoni wala msibani? Watu wangesema amerukwa na akili. Tena alikiogopa kile kifua. Akajifungia ndani, akingoja siku yake.

Asubuhi moja Nakunda alibisha hodi, ndoo mbili tupu mkononi.

"Twende kisimani, mwenzangu."

"Kisimani? Maji si haya hapa jikoni?"

"Maji yapo. Habari za kijiji ndizo hazipiti kwenye bomba."

"Nakunda, nitakufa njiani."

"Daktari alisema utembee au ukae? Ukichoka tutapumzika. Lini mimi nilikuacha njiani?"

Naetwe akavaa kandambili zake, akapokea ndoo moja.

Siku hiyo waliishia kwenye uzio wa jirani, wakarudi. Baadaye wakafika penye kona. Mahindi yalipovunwa, wakafika bondeni. Magugu yalikuwa yamefunika njia, lakini maji yalitoka vilevile, baridi. Wakanywa kwa viganja. Wakawataja wenzao waliowahi kuinama pale na sasa wamelala makaburini, na Naetwe akalia. Kisha wakapanda polepole. Pumzi ilimwenda mbio, ila kifua hakikubana.

Kliniki, daktari alimpima akatabasamu, akamwambia aendelee na dawa na matembezi yake. Wanawake wengine wakaanza kuwafuata, mpaka njia ikawa nyeupe tena kwa nyayo.

Siku moja mke wa mwanawe mdogo, mgeni pale kijijini, alimwona akitoka na ndoo, akakimbia kumpokea.

"Mama, acha! Utateka maji mbali na yamefika nyumbani?"

Naetwe hakusimama. Alimjibu akiwa anateremka, sauti yake nzima kama ya msichana:

"Yamefika, mwanangu, na Mungu ashukuriwe. Lakini maji yakifika nyumbani, mguu usisahau kisimani."