Pimbi na Maji ya Njano ya Mshubiri

Paukwa! Haya, itikieni: Pakawa! Anayesinzia aamshwe na jirani yake, maana hadithi yangu haimngoji mtu. Paukwa! Pakawa!

Hapo zamani, zamani sana, wanyama walipokuwa wakisema lugha moja na kusengenyana kwa lugha hiyohiyo, aliishi Bi Pimbi na wanawe juu ya jabali. Jabali lote lilikuwa limeota mishubiri, ile yenye majani manene na miiba pembeni.

Bi Pimbi alikuwa mdogo, hana mkia, hana meno ya kutisha. Lakini mshubiri aliujua. Mnyama akiungua, alimmwagia kwanza maji baridi mpaka ngozi ipoe. Kisha alikata jani, akalisimamisha mwambani, penye mkato pakiwa chini, akangoja huku akiimba:

Shuka, njano, shuka,
shuka uende zako.
Baki, ute baridi, baki,
ngozi ina kazi nawe.

Maji ya njano yalichuruzika mpaka yakaisha. Ndipo aliposuuza jani, akalimenya, akachukua ute wa ndani na kupaka kidogo nyuma ya sikio la mgonjwa. Sikio lisipowasha wala kuvimba, alipaka penye kuungua. Kidonda kilichofika nyamani hakukigusa. Alimwambia mwenyewe aende kwa waganga wakubwa ng'ambo ya mto, wala hakuona haya kusema hivyo.

Mwaka mmoja moto ulipita nyikani. Wanyama wakajaa jabalini, huyu kaungua kwato, yule sikio, yule mgongo. Bi Pimbi akakata, akaimba, akapaka, nao wakapona wakamsifu. Sifa zile zikamkera Nyani.

Nyani akaenda kuchungulia. Akaona maji ya njano yakiachwa yamwagike. Akayagusa kwa ncha ya ulimi. Chungu, chungu, chungu kweli! Nyani akafikiri, na ninyi mnajua Nyani akifikiri huwa nini. Akasema moyoni kwamba dawa chungu ndiyo dawa, na kwamba huyu bibi anamwaga dawa yenyewe na kuwapaka wenzake makapi. Basi akayakinga maji yale kibuyuni, akashuka nyikani kutangaza dawa ya tumbo, ya mgongo, ya homa na ya bahati mbaya.

Siku ya kwanza akamnywesha Ngiri. Ngiri akaingia kichakani, akatoka, akaingia, akatoka, mwisho akaona kutoka ni kazi bure.

Siku ya pili akamnywesha Nungunungu. Tumbo likamsokota Nungunungu mpaka miiba yake yote ikasimama. Nyani akamwambia atulie, uchafu unatoka.

Siku ya tatu akaenda kwa Mama Paa. Mama Paa alikuwa mja mzito, mgongo unamuuma, tena alikuwa shoga wa Bi Pimbi tangu utotoni. Bi Pimbi alipopata habari alishuka jabali mbio, roho mkononi. Akamkuta shoga yake amekwisha kuinua kata ya maji yale anywe. Hakupiga hata hodi. Aliirukia kata, ikaanguka, maji yakamwagika yote.

"Nisamehe, shoga yangu," alisema akihema. "Maji haya husokota tumbo. Mwenye mimba akiyanywa anaweza kumpoteza mtoto."

Nyani akaenda kumshtaki kwa Mzee Tembo, mkuu wa nyika, kwamba Pimbi anawaficha wenzake dawa, na sasa anaimwaga kwa wivu. Baraza likaitwa. Mzee Tembo alikuwa amekanyaga majivu ya moto, anachechemea, na subira ilikuwa imemwisha. Akasema kosa likithibitika, Pimbi na wanawe watafukuzwa, na jabali atapewa Nyani.

Bi Pimbi akasimama mbele ya baraza. Nje ya jabali wanawe wangekuwa chakula cha tai kabla jua halijazama. Lakini nyika ile ilikuwa na mila yake: mganga hunywa dawa yake kwanza, mgonjwa akimtazama.

"Shikamoo, Mzee Tembo," alisema. "Nyani amewanywesha wenzetu. Nani amemwona yeye akinywa?"

Hakuna aliyemwona. Macho yote yakamgeukia Nyani. Bi Pimbi akamsihi aonje tone moja tu, latosha. Nyani akaona anadharauliwa. Akajaza kata, akainywa yote, akapangusa midomo, akaanza hotuba.

"Ndugu zangu, siri ya dawa hii ni..."

Siri yenyewe hatuijui mpaka leo. Tumbo lilinguruma, Nyani akakimbia kichakani. Akarudi amalizie hotuba, akakimbia tena. Akarudi, akakimbia mara ya tatu, na mara hiyo hakurudi. Ngiri alicheka mpaka akakaa chini. Bi Pimbi ndiye aliyempelekea Nyani maji safi ya kunywa, asije akakaukiwa.

Kisha akamgeukia Mzee Tembo. Akauosha mguu wake kwa maji baridi, akakata jani, akaimba:

Shuka, njano, shuka,
shuka uende zako.
Baki, ute baridi, baki,
ngozi ina kazi nawe.

Akampaka kidogo nyuma ya sikio, na sikio la Tembo lilivyo, kufika nyuma yake ni safari. Halikuwasha. Akampaka mguuni, na kila siku akarudia.

Haukupita muda mrefu, nyika ikasikia ardhi ikitikisika. Mzee Tembo alikuwa akipanda jabali, hachechemei, na nyuma yake wanyama wote wanashangilia, wanapiga vigelegele. Mama Paa alikuwemo, na ubavuni mwake kitoto kinachojifunza kusimama. Furaha ilimjaa Bi Pimbi mpaka akalia.

"Pimbi," alisema Mzee Tembo, "jabali hili ni lako, na la wanao, na la wana wa wanao."

Nanyi msioamini, nendeni majabalini mkaangalie ni nani anayeota jua pale.

Basi, wanangu, uchungu wa dawa si nguvu yake. Mti mmoja una la kuponya na la kudhuru. Cha kupakwa usikinywe, na usichokijua mwulize anayekijua.

Hadithi yangu imekomea hapo. Ikiwakolea, ichukueni mwende nayo. Isipowakolea, niachieni, nitalala nayo mwenyewe.