Mjane Aliyedhani Amesamehe

Waliotutangulia katika imani wametusimulia habari za mwanamke wa Nubia aliyeitwa Eufemia, mjane mcha Mungu aliyewauguza wagonjwa katika nyumba iliyokuwa ubavuni mwa kanisa. Watu walimheshimu mno. Akina mama walimwonyesha kwa binti zao, wakisema mtumishi wa Bwana ndiye yule.

Hawakujua kwamba moyoni alikuwa na kidonda kibichi. Zamani, mumewe alipofariki, wifi yake Damiana alimsingizia kuwa ndiye aliyemtilia marehemu sumu. Eufemia akafukuzwa mikono mitupu, na mimba aliyokuwa nayo ikaharibika njiani. Kila alipoulizwa habari hizo, alijibu kwamba amekwisha kusamehe. Naye alijisadiki.

Ikawa mwaka wa homa, Damiana akaletwa pamoja na wagonjwa wengine, amepofuka, hana ndugu wa kumtazama. Eufemia alimtambua mara moja. Hakumkataa, wala hakumsemesha. Ila uji wa Damiana ulifika umepoa, na alipoomba maji, Eufemia aliwazungukia kwanza wengine wote, huku akimsikia akilamba midomo iliyokauka. Akajiambia kuwa wagonjwa ni wengi. Damiana, kila alipoletewa, alipokea kwa mikono miwili na kumwombea baraka aliyemletea.

Asubuhi moja, homa ilipompanda sana, alimshika Eufemia mkono.

"Wifi," alisema taratibu, "Mungu akulipe mema."

Eufemia aliinama karibu naye. Akamuuliza amejua tangu lini.

"Tangu siku niliyoletwa. Nilikusikia ukisema na wengine. Tena nilisikia unavyowawahi wao. Sikukulaumu, wifi. Nilikuharibia jina, nikakupotezea mwana. Nikasema, maji yakija, hata yakichelewa, ni rehema. Naomba uniwie radhi."

Eufemia alitamani ardhi immeze. Heshima yote aliyopewa na watu ilimchoma usoni kama moto. Akapiga magoti kando ya kitanda.

"Nilikuchelewesha kusudi," alisema. "Nilidhani huoni, nikasahau kwamba Bwana anaona. Nimekusamehe leo, si zamani. Nawe unisamehe."

Damiana hakupona. Alifariki dunia akiwa ameegemea kifua cha Eufemia, na siku ya maziko kasisi alianza kumsifu mjane kwa huruma yake. Eufemia akamsihi anyamaze, akawaeleza waumini yote aliyoyatenda, macho yake yakitazama chini. Kisha wakasali Sala ya Bwana. Walipofika kwenye maneno ya kuwasamehe waliotukosea, sauti ilimkatika, na waliosimama karibu naye wakaimalizia.

Ndugu wapendwa, tumwogope Mungu tunaposema tumesamehe, maana neno hilo hutamkika upesi kabla moyo haujalifikia. Heri anayeona aibu angali na mtu wa kumwomba radhi.