Kuku Mzee Ndani ya Kizimba cha Wageni

Wapendwa, kama nyumbani kwako kuna kuku, hata wawili tu wa kuokota chenga mlangoni, mfano huu utauelewa kabla sijaumaliza. Na kama huna, jisogeze karibu na mwenye nao, atakusaidia.

Palikuwa na binti mmoja wa bondeni, kule kwenye joto, aliyeolewa milimani. Mumewe alikuwa kijana mpole, mtoto pekee wa kiume kwa mama yake, lakini kazi yake ilikuwa kwenye mashamba ya chai, mbali, akirudi nyumbani mwisho wa mwezi. Kwa hiyo siku nyingi bibi harusi yule alibaki na mama mkwe wake, ambaye alikuwa mjane, pamoja na mawifi wawili. Wifi mkubwa alikuwa ameachika akarudi kwao. Wifi mdogo alikuwa bado hajaolewa.

Mawifi mnawajua. Nisiseme sana, maana wengine wamekaa hapa mbele, na mimi mwenyewe ni wifi wa watu.

Bibi harusi alitetemeka kwa baridi, mawifi wakacheka. Alisonga ugali laini kama walivyozoea kwao, mawifi wakacheka zaidi.

"Huu ni ugali," aliuliza wifi mkubwa, akiinamisha sahani, "au ni uji uliochelewa?"

Hayo aliyavumilia. Kilichomkata maini ni mama mkwe. Nyumba ile ilikuwa na jiko kubwa, ambamo mabinti walipika, wakapiga soga, wakasukana nywele. Nyuma kabisa, karibu na banda la kuku, kulikuwa na jiko dogo la zamani, bati lake limetoboka. Siku ya pili tu baada ya harusi mama mkwe alimwambia, "Mwanangu, wewe utapika huku." Na kila siku mama yule alikuja na kigoda chake, akakaa kando ya mafiga, akamtazama anavyopika, wakala wawili bila maneno mengi.

Maji nayo ni hivyo hivyo. Mawifi walishuka bombani asubuhi wakicheka njia nzima. Bibi harusi akichukua dumu lake awafuate, mama mkwe alimwita, "Subiri. Wewe utachota na mimi." Basi akatembea polepole nyuma ya mwanamke mwenye magoti mabovu, huku wenzake wameshafika na kurudi.

Ungekuwa wewe ungewazaje? Naye aliwaza hivyo hivyo. Alisema moyoni mwake, "Mama huyu haniamini. Ananiweka mbali na watoto wake kama mwenye upele, na tena ananilinda nisiibe chumvi."

Ukafika wakati wa kwenda kuwasalimu wazazi wake, kama ilivyo desturi kwa aliyeolewa. Kule kwao alilia mpaka kitenge cha mama yake kikalowa. Mama mzazi hakuwa na la kufanya ila kumfungia matetea watatu, kuku wadogo ambao hawajaanza kutaga, maana binti hatoki kwao mikono mitupu.

"Rudi nao," alimwambia. "Mumeo akija mwisho wa mwezi, mweleze yote. Akikubali mhame kwa mama yake, mhame. Akikataa, mlango wa hapa unaujua."

Binti akarudi milimani, na moyoni mwake ameshaamua. Ama mume ahame na kumwacha mama yake mjane, ama ndoa ivunjike. Matetea aliwabeba kwa mkono mmoja, na uamuzi ule akaubeba kifuani, na hakumwambia mtu.

Alipofika uani alifungua kamba miguuni mwa wale matetea akawaachia. Kwao bondeni kuku walikuwa wachache na uwanja mpana, kila mmoja na upande wake. Hakujua kwamba hapa uani kulikuwa na serikali. Kulikuwa na kuku mmoja mwekundu, mnene, ambaye mawifi walimwita Mwenyekiti. Mwenyekiti hakuuliza wageni wametoka wapi. Aliinua shingo, akapiga mbio, na wenzake wote nyuma yake. Matetea walidonolewa, wakajibana ukutani, wakapiga kelele za kufa.

Wifi mkubwa akatokeza mlangoni. "Hee! Kuku mgeni hakosi kamba mguuni," alisema. "Wewe umewafungua mapema ya nini?" Akaangua kicheko.

Mama mkwe alitoka na unga mikononi, akawafukuza kuku kwa kanga yake. Hakumgombeza mkwewe. Aliwatazama matetea wale waliohema midomo wazi, akasema, "Wamechoka na safari, maskini. Nenda kaniletee fito."

Wakatengeneza kizimba, mama na mkwewe, kwa fito na kamba za migomba, wakakiweka katikati ya uwanja ambapo kuku wote hupita. Matetea wakaingizwa ndani. Mama mkwe akamwaga pumba na chenga za mahindi ndani ya kizimba na nje yake, fito kwa fito, ili wenyeji na wageni wale pamoja bila kugusana.

Halafu akafanya jambo ambalo bibi harusi hakulielewa. Alimkamata kuku mmoja mzee, mweusi, mtulivu, anayeheshimiwa hata na Mwenyekiti, akamwingiza naye kizimbani.

"Mama! Huyu naye kakosa nini?"

"Hajakosa kitu, mwanangu. Wale nje wakimwona mwenzao anakula na wageni, watazoea. Na hawa watoto wakiogopa, watakuwa na wa kumsogelea."

"Lakini yeye si alikuwa huru?"

"Alikuwa huru," alijibu mama, akafunga mlango wa kizimba kwa kamba.

Sasa mtazameni kuku yule. Jana alikuwa anachakura popote apendapo, anaoga vumbi chini ya migomba, analala juu kwenye fito ya banda, mahali pa wakubwa. Leo yuko kwenye kizimba chembamba na watoto wa watu wanaomkanyaga miguu. Na hakufanya fujo. Siku ya kwanza alizunguka kidogo, akatafuta mlango. Kisha akakaa chini, akatanua mbawa kidogo, na matetea wakajisogeza kwake mmoja mmoja, mpaka wakawa wamemlalia wote. Bibi harusi alipoona vile, machozi yalimlengalenga, lakini hakujua kwa nini.

Siku zikapita. Mwenyekiti alikuja kila asubuhi kutisha kupitia fito, akadonoa, akakuta ni mti, akaenda zake. Kisha akawa anakuja kula tu. Bibi harusi akaona inatosha.

"Mama, tuwafungulie."

"Bado."

"Mama, wanaumia. Tazama wanavyochungulia nje."

"Bado kidogo, mwanangu. Mwenyekiti bado anasimamisha shingo akiwaona."

Asubuhi moja mama mkwe alikwenda msibani kwa jirani. Mawifi walikuwa jiko kubwa, vicheko vyao vinasikika mpaka nyuma. Bibi harusi alikuwa peke yake kwenye jiko lake dogo, moshi umemjaa machoni, na kupitia mlango akawaona matetea wametoa shingo kati ya fito wakiutazama uwanja. Roho ikamwuma. Akasema, "Angalau ninyi mkawe huru." Akaenda akakata kamba.

Huruma ilikuwa ya kweli, ndugu zangu, msimlaumu haraka. Ila huruma hiyo ilijua uchungu wa kufungiwa, haikujua sababu yake.

Matetea walitoka wakikimbia. Mwenyekiti akasimamisha shingo. Kabla bibi harusi hajaokota fimbo, tetea mmoja alikuwa amedonolewa utosini, damu inamtoka, na mnajua kuku akiona damu. Wote walimrukia. Ndipo yule mzee mweusi alipotoka kizimbani. Tetea mwenye damu alimkimbilia akaingia chini ya tumbo lake, na kuku yule akasimama, akafura manyoya yote akawa mkubwa maradufu, akadonolewa yeye. Mgongoni, shingoni. Hakuondoka.

Wifi mkubwa akaja mbio na ufagio, akawatawanya. Alimwokota tetea, akageuka na hasira.

"Nani kafungua?"

"Mimi."

"Mama si alisema bado? Wewe masikio umeyaacha bondeni?"

"Niliwaonea huruma!" Bibi harusi sasa alikuwa analia waziwazi. "Ninyi hamjui kufungiwa. Mimi najua! Tangu nije nimewekwa huku nyuma kama mbwa. Sichoti maji na watu, sipiki na watu. Mama yenu ananilinda kama mwizi!"

"Anakulinda?" Wifi mkubwa alibaki mdomo wazi. Kisha akacheka kicheko kisicho na furaha. "Wifi, tangu ulipokuja, mama hajala na sisi hata siku moja. Tunampakulia chakula anasema nakula na mwenzenu. Tunamwita aje kwenye joto, anakwenda kukaa kwenye bati lililotoboka, ananyeshewa, anakula uji wako ule. Umetunyang'anya mama yetu, halafu unalia?"

Bibi harusi akageuka akalitazama lile bati lililotoboka.

"Na maji je? Unajua yale magoti yake? Alishaacha kushuka bombani, sisi ndio tulikuwa tunamchotea." Wifi aliinamisha uso, sauti ikapungua. "Siku ile ya kwanza tulipanga, mimi na mdogo wangu, tukupeleke bombani tukuache huko na madumu mawili, tuone mtu wa bondeni atakipandaje kilima. Tungekaa juu tucheke. Mama akatusikia tunapanga. Hakutupiga. Alisema tu, huyu atachota na mimi. Asubuhi yake akashuka, na magoti hayo hayo."

Wapendwa, mnaona? Kumbe aliyedhani amewekwa peke yake hakuwahi kuwa peke yake. Kigoda kile kando ya mafiga hakikuwa cha askari. Mama aliacha jiko kubwa, akaacha joto lake na mabinti zake wa kuzaa, akaingia mule kwenye moshi akakaa na mgeni. Na hakusema. Hata alipoona mkwe ananuna, hakusema, maana angesema angewachafua mabinti zake mbele ya mke wa kaka yao. Alikubali aonekane mbaya yeye.

Mama mkwe aliporudi msibani aliwakuta wote wawili wamechuchumaa, mmoja kashika tetea, mwingine anaosha kidonda kwa maji ya chumvi. Alichukua masizi kwenye sufuria akapaka juu ya kidonda, wekundu usionekane, wengine wasije wakadonoa tena.

"Mama, ni mimi nilifungua," alisema bibi harusi. "Na mama... nilikuwa nimepanga kumwambia mwanao tuhame. Akikataa, niende kwetu."

Mama aliendelea kupaka masizi. "Nilijua una jambo," alisema. "Mtu anayetaka kuondoka huwa hapandi hata kitunguu mlangoni. Mlango wako ulikuwa mtupu."

"Mbona hukuniuliza?"

"Ningekuuliza ungenidanganya. Nikaona nikae tu."

Wifi mkubwa akajikohoza. Bibi harusi akafuta uso kwa upindo wa kitenge. Kisha akasema, "Mama, jioni ya leo twende tukale jiko kubwa."

"Uko tayari? Watakudonoa."

"Wanidonoe. Utakuwa umekaa upande gani?"

"Upande wako."

"Basi twende."

Jioni ile alisonga ugali kwenye jiko dogo, ule ule laini wa kwao, akaubeba mwenyewe kichwani mpaka jiko kubwa. Wifi mdogo alishtuka akatazama dada yake. Wifi mkubwa akausogeza mwili wake kwenye benchi, akafanya nafasi, akamega tonge, likamponyoka vidoleni.

"Mimi nitahitaji kijiko," alisema. Wakacheka wote, na bibi harusi akacheka nao.

Ndugu zangu, hapa kwetu tunajua kukaribisha. Mgeni akija ibadani tunamsimamisha, tunampigia makofi, tunamwambia ajisikie nyumbani. Kisha tunaketi mahali petu pa siku zote, kwenye benchi letu, karibu na shoga zetu. Mgeni anabaki uani na Mwenyekiti. Akiacha kuja, tunasema hakuwa na imani.

Wengine tunafanya vizuri zaidi. Tunamwundia kamati, tunampangia jumuiya, tunampa kitabu cha nyimbo. Hicho ni kizimba, na ni chema, fito zake zinasaidia. Lakini nani ameingia ndani naye? Nani ameacha mahali pake pa wakubwa kwenye fito ya juu, akashuka akakanyagwa miguu? Je, Mungu alitupenda kwa kutazama kutoka dirishani? Si alikuja akakaa nasi kwenye moshi wetu, akala kile tulichojua kupika?

Na wewe uliyekuja leo ukiwa umeshaamua moyoni kwamba hii ni mara ya mwisho, kwamba umetupwa nyuma na Mungu anakutazama kama mwizi, nakuomba ugeuke kidogo uangalie kigoda kilicho kando yako. Huenda kuna mtu alipanda kilima kwa ajili yako na hajakwambia.

Sasa wimbo utaimbwa na sadaka itapita. Vyote vinaweza kusubiri. Nyuma pale, karibu na mlango, kuna dada amekaa peke yake na mtoto mgongoni tangu ibada ianze, na benchi lake lina nafasi ya watu wanne. Sitamtaja mtu. Nyanyukeni, wanne kati yenu, mhame.