Kijino cha Upinde wa Senkondo

Kilichovimba kwa umande hakichongwi, huanikwa.

Mmeisikia kwa mama yenu asubuhi, mkacheka, mkaja mbio kuniuliza, "Bibi, nani alivimba kwa umande?" Hakuna mtu aliyevimba, wajukuu zangu. Kilichovimba ni kijiti kirefu kama kidole changu hiki cha kati, na kidogo kiue watu. Kaeni basi. Methali hii ilianza huku huku kwetu milimani Upare, na ilianza namna hii.

Palikuwa na mtu akiitwa Senkondo. Ukoo wake ndio uliokabidhiwa ndiva, yaani lile bwawa la mawe na udongo linalokinga maji ya kijito usiku kucha, ili asubuhi lizibuliwe na maji yateremke kwa mfereji hadi mashambani. Kazi ya kuzibua ilikuwa yake tangu ujana. Asubuhi moja chui alimrukia pale pale ukingoni. Aliponea chupuchupu, ila mkono wake wa kushoto haukunyooka tena.

Na mtu wa mkono mmoja atavutaje upinde? Ile miezi ya kuuguza kidonda Senkondo aliitumia kuwaza. Alipopata nguvu alichukua upinde wake, akaufunga kwa kukingama kwenye ubao mrefu kama kitako cha gobore. Katikati ya ubao akatoboa tundu, na ndani ya tundu akasimamisha kijiti kigumu, akakiita kijino. Alikanyaga upinde kwa miguu yote miwili, akavuta kamba kwa mkono mzima mpaka ikanasa nyuma ya kijino. Hapo upinde ulibaki umejikunja wenyewe, mshale juu yake, unangoja. Akitaka kufyatua, anavuta ugwe uliofungwa chini ya kijino. Kijino kinashuka, kamba inaachiwa, mshale unakwenda.

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. "Senkondo ameulaza upinde kitandani!" walisema.

Kicheko kiliisha chui aliporudi. Safari hii alifanya maskani kwenye matete kando ya ndiva, na mahindi ndiyo kwanza yalikuwa yanatoa mbelewele. Wanaume walimwendea kwa mikuki na makelele. Akapanda majabali, wakaondoka, akarudi. Walipokwenda mara ya pili alimrarua mmoja bega. Tangu hapo hakuna aliyethubutu kwenda kuzibua. Ikawa siku ya tano maji yanajaa, yanamwagikia korongoni bure, na kule chini majani ya mahindi yanajikunja kama vidole vya mgonjwa. Wazee walisema, siku tatu zaidi, hapana mavuno.

Senkondo akasema, "Ndiva ni yangu. Nitakwenda na upinde wangu wa kitandani."

Alikwenda na mdogo wake, Mrutu, fundi wa chuma, mtu mwenye mikono myepesi na mdomo mwepesi zaidi. Kulipopambazuka walikuwa wamelala kifudifudi nyuma ya jiwe. Ukungu ulikuwa mzito, nguo zimelowa utadhani wamevuka mto. Mshale ulikuwa umepakwa sumu. Chui akatoka kwenye matete, akainama kunywa. Hatua ishirini tu.

Senkondo akavuta ugwe. Kijino hakikushuka. Akavuta tena. Kimya. Akavuta kwa nguvu zote mpaka ubao ukagonga jiwe, ko! Chui akainua kichwa, akawatazama muda mrefu, kisha akarudi kwenye matete polepole, kama mwenye nyumba aliyechoshwa na wageni.

"Kijino kimekuwa kinene," Mrutu alinong'ona. "Nipe."

Akachomoa kisu, akakikwangua papo hapo, huku na huku, mpaka kikapanda na kushuka bila taabu. Akajaribu mara tatu, kikafyatua mara tatu. "Si nilikwambia? Kazi ya dakika moja." Lakini chui hakutoka tena, wakarudi nyumbani.

Mchana jua lilikuwa kali. Mtu mmoja akaja mbio, akasema chui ameonekana akishuka kuelekea kwenye mazizi. Mrutu akautega upinde, akaweka mshale wa sumu, akauegemeza kwenye ukuta wa jiko. "Ukae tayari," alisema, "asije akatukuta tunahangaika."

Nakijwa, mke wa Senkondo, alikuwa mlangoni pa jiko anapepeta. Hakuna aliyeugusa upinde. Hakuna aliyepita karibu yake. Ulifyatuka wenyewe tu, pwaa! Mshale ukapita sikioni pa Nakijwa, ukazama kwenye mwimo wa mlango, ukabaki unatetemeka. Ungo ulianguka.

Kisha wote wakasema kwa pamoja.

"Huu upinde una mkosi!" Mrutu alipiga kelele. "Asubuhi ulikataa kumpiga chui, mchana unataka kumpiga shemeji yangu!"

Senkondo aliinuka. Akashika shoka. "Naukata. Nautia motoni sasa hivi."

"Ukishaukata, maji nani atazibua?" Nakijwa aliuliza. Sauti yake ilikuwa kavu. Akajishika sikio, akatazama vidole kama vina damu. Havikuwa na damu. "Weka shoka chini, baba. Kitendawili."

"Wewe mwanamke! Mshale wa sumu umekupita sikioni, unatega vitendawili?"

"Kitendawili, nimesema."

Mrutu akaguna. "Haya, tega."

"Hana mdomo lakini hunywa, hana tumbo lakini hushiba akavimba."

Wanaume wakatazamana. Nakijwa hakungoja wampe mji. Akaenda pembeni, akarudi na jembe lake. Lilikuwa limesimama kichwa chini ndani ya mtungi wa maji.

"Shemeji, wewe ndiye unayetufulia majembe. Jembe langu likicheza kwenye mpini, nafanyaje?"

"Unaliloweka."

"Kwa nini?"

"Mpini unakunywa maji, unavimba, unaka..." Mrutu akanyamaza. Akatazama kijino kilichokuwa kimeanguka mavumbini. Akakiokota, akakitia kwenye tundu lake, kikacheza kama jino la mtoto wa miaka sita.

"Asubuhi kilikuwa kimekunywa umande," Nakijwa alisema. "Hakikuwa na ubaya wowote. Wewe ukakipunguza kikiwa kimevimba. Jua lilipowaka kikasinyaa, na ule unene wake wa kawaida umeshautupa kule ndivani pamoja na maganda. Kitashikaje kamba?"

Hakuna aliyecheka. Kila mwenye jembe pale aliijua habari hiyo tangu utotoni, na hakuna aliyeikumbuka.

Mrutu alichonga kijino kipya jua likiwa utosini, kwa mti mkavu, kikakaa barabara. Usiku ule Nakijwa aliulaza upinde mzima darini juu ya meko, penye moshi na mbegu za mahindi. Alfajiri akaufunga kwa majani makavu ya mgomba. Akasema na yeye anakwenda.

"Shemeji, huko si mahali pa mwanamke," Mrutu alisema.

"Na mlangoni pa jiko jana, palikuwa mahali pa nani?"

Wakaenda watatu. Ilikuwa siku ya saba. Ukungu ulikuwa mzito kuliko wa jana, ukapenya hata kwenye majani ya mgomba. Walipojilaza nyuma ya jiwe Senkondo akakijaribu kijino. Kizito. Kinashuka nusu, kinakwama.

Kwenye matete kitu kikasogea.

Mrutu kisu tayari mkononi. "Kidogo tu," alinong'ona, "unene wa ukucha. Nitakwangua kidogo tu, kaka, yuko pale!"

Nakijwa akamshika kiganja. Mwanamke mwembamba yule, lakini alimshika mpaka kisu kikaanguka kwenye nyasi. Akamsogelea sikioni.

"Kilichovimba kwa umande hakichongwi, shemeji. Huanikwa."

"Jua liko wapi?"

"Linakuja. Kila siku linakuja."

Senkondo akatazama matete, akamtazama mkewe. Akakitoa kijino, akakikausha kwa kitambaa alichokuwa amekivaa kifuani, akaulaza ubao tundu likielekea mashariki. Kisha wakangoja mikono mitupu. Fikirini, wajukuu zangu. Chui yuko hatua ishirini, upinde umelala wazi kama sahani, na ninyi kazi yenu ni kungoja jua.

Jua likagusa kilele. Likateremka kwenye majabali. Likafika kwenye jiwe lao, likapita mgongoni mwa Mrutu, aliyekuwa anatweta kama mvukuto wake. Mawe yakaanza kutoa mvuke. Wakangoja. Nguo zikakauka. Wakangoja tena. Ndipo chui alipotoka, maana na yeye alikuwa analitafuta joto lile lile. Akapanda ukingo wa ndiva, akajinyoosha, kisha akasimama ghafla. Aliwaona.

Akaanza kuja. Hakukimbia. Alikuja ameinamisha kichwa, mkia unachapa pande mbili.

Senkondo akakitia kijino tunduni. Kikaingia vizuri. Akakanyaga upinde, akavuta kamba, ikanasa. Hatua kumi na tano. Nakijwa akaweka mshale, maana mume wake hakuwa na mkono wa pili. Hatua kumi. Chui akajikunja kuruka.

Senkondo akavuta ugwe, kijino kikashuka kama kidole kinachotoka kwenye mafuta.

Mshale ulimwingia chini ya koo. Aliruka hata hivyo, akaangukia upande wa pili wa jiwe, akapiga miguu, akatulia. Mrutu alikaa chini akalia, mtu mzima yule. Senkondo aliweka upinde chini. Alikwenda moja kwa moja kwenye ndiva, akasukuma gogo la kuzibia kwa bega lake zima, na maji yakashuka kwa kishindo. Kule chini walisikia vigelegele kabla hata hawajaanza kuteremka.

Maneno ya Nakijwa yangeishia pale pale nyuma ya jiwe, kama si Mrutu. Miaka mingi baadaye, mwenyewe ameshakuwa mzee wa baraza, aliletwa kijana mmoja aliyefiwa na mke. Kwa uchungu alikuwa ametukana wazee, amevunja mtungi wa baraza, na alikuwa anapigana na kila anayemkaribia. Wazee walikuwa wamekwisha kata shauri afukuzwe kijijini, siku hiyo hiyo, asirudi tena.

Mrutu alisimama. Wengine walidhani anaongeza adhabu, maana alijulikana kwa haraka yake. Akaitazama mikono yake, ile mikono myepesi, akasema:

"Mimi niliwahi kukata kitu kikiwa kimevimba. Mchana ule ule nusura kimuue mtu wa nyumbani kwetu. Huyu mwacheni jua limpate. Kilichovimba kwa umande hakichongwi, huanikwa."