Sijaona na Somo la Meno

Paukwa! Pakawa!
Pakawa jabali. Tupande!
Chini yake fisi. Tusishuke!

Hapo kale Bi Pimbi alikuwa na shule juu ya jabali. Watoto wa wanyama walihesabu, waliimba, walipalilia mchicha, na kila Ijumaa walimpelekea uji Bibi Kobe, mgonjwa asiye na mtu.

Siku moja akaja Fisi, ng'wafu ng'wafu, anamburura mwanawe Sijaona.

"Mfundishe meno."

"Na kuimba je, mzee wangu?"

"Meno!"

"Na kuuguza mgonjwa?"

"Meno tu! Siku ya kufunga shule nakuja, tulile darasa lako zima, mimi na yeye. Ukikataa, naanza na wewe."

Bi Pimbi akainama. "Kama utakavyo, mzee wangu. Meno tu."

Basi wenzake wakiimba, Sijaona anang'ata gogo, kacha-kacha. Wenzake wakipalilia, Sijaona anang'ata gogo, kacha-kacha. Ijumaa moja akaliacha gogo, akabeba bakuli la uji kwa mikono miwili, polepole, lisimwagike. Bi Pimbi akamnyang'anya. "Hilo si somo lako." Mtoto akarudi kwenye gogo. Siku hiyo mwalimu hakula. Alijua anachofanya, na alijua anamfanyia nani.

Siku ya kufunga shule ikafika. Watoto wakajibana ndani ya mwanya wa jabali. Fisi huyo, udenda chururu.

"Mwanangu, wang'oe humo, tugawane!"

"Kugawana sijasoma." Sijaona akamsogelea baba yake, meno nje.

"Mimi baba yako!"

"Kuheshimu baba sijasoma."

"Ala! Nihurumie basi!"

"Huruma sijasoma."

Kacha! Mguu wa Fisi. Kwii, kwii, akakimbia anachechemea, na hakuonekana tena.

Watoto wakashangilia. Sijaona akageuka, mdomo wote damu, mkia unatikisika kwa furaha.

"Mwalimu, nimefaulu?"

Bi Pimbi alitaka kumwita amwoshe mdomo. Akaogopa. Akaziba mwanya kwa jiwe, na mtoto akabaki nje. Aliwaokoa watoto wote isipokuwa mmoja, na huyo mmoja alikabidhiwa mkononi mwake. Alijuta mpaka alipozikwa.

Ngano yangu nimeitua hapa. Mwenye kichwa kigumu ajitwike.

Funzo lake? Wazazi, msiwapotezee watoto muda kwa nyimbo, mchicha na wagonjwa. Sijaona alisoma somo moja tu, akapata mia kwa mia.